Mnada wa Simu na Mkulima wa Ndera

Kila mwaka miembe ya Ndera inapoanza kuchanua, wanunuzi huanza kupita vijijini. Wengine hawangojei hata embe lifikie ukubwa wa yai. Mnunuzi husimama chini ya mti, hutazama juu, hutaja bei ya mti mzima, na mwenye mti, ambaye pengine ana karo ya shule ya kulipa juma lile lile, hukubali. Hapana mizani, hapana kuhesabu, wala hapana mnunuzi wa pili wa kushindana na wa kwanza. Mbuzi naye huuzwa vivyo hivyo: mtu humpapasa mgongo, humwinua kidogo, na bei hukatwa kwa macho.

Siku hizi simu zimeenea vijijini, na vijana wetu huja katika ofisi ya kilimo na swali jipya. Wanasema, "Tumesikia kwamba watu huuza mali kwa mnada katika simu, na wanunuzi walio mbali hushindana. Je, sisi hatuwezi kuuza maembe na mbuzi wetu kwa namna hiyo?"

Swali hili ni jema, na yafaa lijibiwe kwa utaratibu. Jibu fupi ni kwamba jambo hili lawezekana, lakini simu peke yake haiuzi kitu. Mnada wowote, uwe uwanjani au katika simu, ni kama kitanda chenye miguu minne. Mguu wa kwanza ni wanunuzi wengi. Wa pili ni mali iliyopimwa na kupangwa daraja. Wa tatu ni malipo yasiyo na shaka. Wa nne ni njia ya kuifikisha mali kwa mnunuzi. Mguu mmoja ukivunjika, mwenye kulala ataanguka. Basi na tutazame jinsi minada hii inavyoendeshwa, ili tujue ni mguu gani ulio imara kwetu na ni upi unaotaka fundi.

MNADA NI NINI?

Mnada ni kuuza mali kwa kushindanisha wanunuzi mbele ya watu. Kwa kawaida mnadi huanza na bei ndogo, na wanunuzi huipandisha mpaka abaki mmoja. Miaka ya 1950 na 1960 serikali ilikuwa ikifanya minada ya ng'ombe ya namna hii katika nchi kavu za Kenya. Watu wengi hata sasa huliita soko la mifugo "mnada", lakini mara nyingi mambo ya sokoni si mnada hasa. Mwenye mbuzi na mnunuzi hupatana kando kwa kupitia dalali, na wengine waliopo hawajui bei iliyokatwa.

Tofauti hii si ndogo. Katika kupatana kando, anayejua bei za mji ndiye mwenye nguvu, na mara nyingi huyo si mkulima. Katika mnada wa wazi kila mtu husikia bei, na anayemzuia mnunuzi kukupunja ni mnunuzi mwenzake. Wewe muuzaji waweza kukaa kimya.

MNADA WA INTANETI ULIVYOANZA

Mnada wa intaneti uliopata sifa kuliko yote ulianzishwa Marekani mwezi Septemba 1995. Mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika jimbo la California. Aliuita AuctionWeb, mwaka 1997 ukapewa jina la eBay ambalo watu wanalijua. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha miali ya leza, tena kibovu. Kilinunuliwa kwa dola 14 na senti 83. Mwenye mnada alishangaa, akamwuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa kitu hicho hakifanyi kazi. Mnunuzi alijibu kwamba ameelewa vizuri, kwani yeye hukusanya vitu vya namna hiyo vilivyoharibika.

Habari hii yaweza kuchekesha, lakini ina mafunzo. Katika kijiji kimoja huenda asipatikane hata mtu mmoja anayetaka kitochi kibovu. Katika nchi nzima yuko. Kazi ya kwanza ya mnada wa intaneti ni kumtafuta yule mtu mmoja aliye mbali ambaye mali yako ina thamani kwake kuliko kwa jirani zako.

Hapo mwanzo mnada huo ulikuwa bure. Lakini watu walipozidi, gharama ya kukaa katika intaneti ilipanda, na kuanzia mwaka 1996 mwenyewe akaanza kuwatoza wauzaji ada. Angalieni sana jambo hili. Mwenye mnada hakununua mali, hakuwa na ghala, hakusafirisha mzigo wala hakupata hasara mali ilipooza. Yeye aliweka uwanja tu, na kila kitu kilipouzwa alichukua sehemu ndogo. Wauzaji walimtumia ada zao kwa posta, hundi na hata sarafu ndani ya bahasha, mpaka ikambidi kumwajiri mtu wa kuzifungua.

Hivyo ndivyo biashara hii inavyopata riziki hata sasa: ada ya kuweka mali katika orodha, ada ya asilimia fulani ya bei mali ikiuzwa, na pengine malipo ya muuzaji anayetaka mali yake ionekane mbele ya nyingine. Kwa hiyo mkulima akiambiwa kwamba mnada fulani wa simu ni bure, na aulize: mwenye mnada huyu anakula wapi? Kama jibu halipatikani, pengine ni yeye mkulima atakayeliwa.

KOMPYUTA INAVYONADI

Watu wengi hudhani kwamba katika mnada wa intaneti mnunuzi hukesha mbele ya simu akipandisha bei. Sivyo ilivyo katika minada kama eBay. Mnunuzi huiambia kompyuta siri yake, yaani bei ya juu kabisa anayoweza kutoa, kisha kompyuta humpandishia kidogo kidogo, kwa kiasi kile tu kinachohitajiwa ili awashinde wengine.

Na tufanye mfano wa beberu mmoja. Tuseme bei ya kuanzia ni shilingi 5,000, na kila hatua ni shilingi 100. Mnunuzi wa kwanza ameiambia kompyuta kwamba mwisho wake ni 7,000. Wa pili mwisho wake ni 8,500. Wa tatu mwisho wake ni 6,200. Ni nani atakayemchukua beberu, na kwa bei gani?

Atamchukua wa pili, kwa shilingi 7,100. Hatalipa 8,500, kwa sababu hatua moja juu ya 7,000 yatosha kumshinda aliyemfuata. Sasa tuseme amekuja mnunuzi wa nne ambaye mwisho wake ni 8,400. Beberu yule yule atauzwa kwa 8,500. Na kama wale wengine wote hawakuja, akabaki wa pili peke yake, beberu atauzwa kwa 5,000.

Beberu ni mmoja, mnunuzi ni yule yule, na pesa alizokuwa tayari kuzitoa ni zile zile 8,500. Kilichobadili bei ni hesabu ya wanunuzi waliokuwapo. Ndiyo maana nimesema kwamba mguu wa kwanza wa mnada ni wanunuzi wengi.

Muuzaji anayeogopa kukosa wanunuzi huweka bei ya kikomo, yaani bei ambayo chini yake mali haiuzwi. Hii ni kinga nzuri, lakini itumike kwa akili, kama tutakavyoona katika habari za chai.

WATU WASIOJUANA WATAAMINIANAJE?

Garsen ukiuziwa mbuzi mgonjwa, unamjua aliyekuuzia, au unamjua amjuaye. Katika intaneti muuzaji na mnunuzi hawajaonana wala hawataonana. Hii ndiyo iliyokuwa shida kubwa ya mnada wa intaneti tangu siku za kwanza, na mnada usioweza kuiondoa hufa.

Dawa ya kwanza ilikuwa daftari la sifa, lililoanzishwa na eBay mwaka 1996. Baada ya kila biashara, mnunuzi na muuzaji waliandika neno moja moja juu ya mwenzake, na maneno hayo yalisomwa na watu wote. Aliyetuma mali mbovu aliandikwa, na watu wakamkwepa. Aliyefanya vizuri mara mia moja alikuwa na mashahidi mia moja. Lakini baadaye ikaonekana kwamba wanunuzi waliogopa kusema kweli, kwa kuwa muuzaji aliyeandikwa vibaya naye alilipiza kwa kumwandika mnunuzi vibaya. Kwa sababu hiyo, mwaka 2008 eBay iliwazuia wauzaji wasiwaandike wanunuzi kwa ubaya. Hata daftari la sifa, basi, lataka mwangalizi.

Dawa ya pili ilikuwa katika malipo. Mwaka 2002 eBay ilinunua kampuni ya malipo iitwayo PayPal kwa dola zipatazo bilioni moja na nusu, na zikakaa pamoja mpaka zilipotengana mwaka 2015. Huko China, soko la Taobao lililoanza mwaka 2003 lilitumia njia ambayo sisi tungeielewa mara moja: fedha za mnunuzi huwekwa kwa mtu wa kati, na muuzaji hazipati mpaka mnunuzi aseme mali imefika na ni ile aliyoitaka. Ni kama kuweka fedha kwa mzee anayeaminiwa na pande zote mbili.

Kwetu M-Pesa ilianza mwaka 2007, na imetuzoeza kulipana bila kuonana. Lakini kutuma fedha si sawa na kuziweka kwa mtu wa kati. Fedha ulizomtumia mtu usiyemjua kwa ajili ya mali usiyoiona zimekwisha kuondoka mkononi mwako. Vile vile muuzaji asitoe mali kwa sababu ameonyeshwa ujumbe wa malipo katika simu ya mnunuzi, au kwa sababu ujumbe unaofanana na wa M-Pesa umeingia katika simu yake. Na atazame salio lake mwenyewe kwanza.

Uko na wizi mwingine ambao ni wa zamani kuliko intaneti. Muuzaji huwaweka rafiki zake wajifanye wanunuzi wapandishe bei kwa uongo. Au wanunuzi hupatana wenyewe kwa wenyewe wasishindane, kisha hugawana faida kando. Mnada wa haki huwaandikisha wanunuzi wote kwa majina yao ya kweli, na huwafukuza wenye hila.

KWA NINI SOKO HUVUTA SOKO

Sasa tuulize: mnada wa namna hii hukuaje? Wauzaji huenda waliko wanunuzi, na wanunuzi huenda iliko mali. Kila mmoja anayeingia huwa ni sababu ya mwingine kuingia. Ndiyo maana mnada ukishatangulia ni vigumu kuushinda. Kampuni kubwa za Yahoo na Amazon zilifungua minada yao Marekani mwaka 1998 na 1999, lakini hazikuweza kuwatoa watu eBay.

Huko Japani mambo yalikwenda kinyume. Yahoo ilitangulia mwezi Septemba 1999, tena hapo mwanzo haikutoza ada. eBay ilifika baada ya miezi mitano, mwaka 2000, na kuanza kutoza. Ikakuta uwanja umekwisha kujaa, na mwaka 2002 ikafunga na kuondoka. Ukubwa wake wa Marekani haukuifaa kitu, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi wa Japani walikuwa wamekwisha kukutana mahali pengine.

Jambo hili latuhusu sisi wa mto Tana. Kikundi kimoja cha simu cha kijiji hiki, cha pili cha kijiji kile, cha tatu cha vijana, cha nne cha akina mama, kila kimoja kina wauzaji kumi na mnunuzi mmoja. Vikundi hivyo vyote ni minada midogo yenye njaa. Ni afadhali soko moja lenye watu mia mbili kuliko masoko kumi ya watu ishirini.

CHAI YA MOMBASA: MALI INAYOJULIKANA KABLA YA KUONEKANA

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mombasa kuna mnada mkubwa wa chai. Ulianza Nairobi mwezi Novemba 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na huendeshwa na chama cha wafanya biashara ya chai wa Afrika Mashariki. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika huuzwa hapo kwa dola. Kwa miaka mingi wanunuzi walikaa katika ukumbi mmoja, wakipaza sauti kutaja bei. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia mikutano, mnada huo ulihamia katika kompyuta.

Wawezaje kuuza maelfu ya magunia ya chai kwa watu wasiokuwapo? Siri ni kazi inayofanywa kabla ya mnada. Kiwanda huichambua chai kwa daraja. Mzigo huwekwa katika ghala na kuhesabiwa. Huandikwa katika orodha, fungu moja moja, kila fungu na namba yake. Sampuli hupelekwa kwa wanunuzi, nao huipika, huionja na kuitema, na kuandika maoni yao. Siku ya mnada ikifika, mnunuzi anaijua chai ile kama mama anavyoijua sauti ya mwanawe. Ndipo kompyuta iweze kufanya kazi. Bila daraja na sampuli, ingekuwa kama kununua mbuzi gizani.

Chai pia yatufundisha juu ya bei ya kikomo. Mwezi Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2 na senti 43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya wakulima wadogo. Nia ilikuwa njema: kumlinda mkulima. Lakini wanunuzi hawalazimishwi kununua. Chai isiyofikia thamani hiyo machoni mwao ilibaki ghalani, mamilioni ya kilo, na mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Bei ya kikomo humkinga muuzaji asipunjwe, lakini haiwezi kumleta mnunuzi asiyetaka.

KOROSHO ZA KUSINI MWA TANZANIA

Wenzetu wa Mtwara na Lindi ni wakulima wadogo kama sisi. Mtu mmoja huwa na magunia machache ya korosho, na zamani aliuza kwa mchuuzi aliyepita na kipimo chake mwenyewe. Mwaka 2007 ulianza huko mpango wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha ushirika, hupimwa uzito na ubora, na hupewa stakabadhi. Mali ya wakulima wengi hukusanywa katika ghala kuu ikawa fungu kubwa, na wanunuzi hushindania fungu hilo.

Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao katika barua zilizofungwa na kuzitia katika sanduku. Mwaka 2024 korosho ziliingia katika mnada wa kompyuta unaoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo hujulikana kwa herufi TMX. Wakulima hukusanyika, huziona bei, kisha wao wenyewe husema kama wanakubali au wanakataa. Mwanzoni mwa msimu ule bei ilipita shilingi 4,000 za Tanzania kwa kilo.

Tazameni utaratibu ulivyokwenda. Ushirika ulitangulia, ukafuata mzani, kisha stakabadhi, kisha ghala. Kompyuta ilikuja mwisho, baada ya miaka kumi na saba.

NA MALI INAYOOZA?

Mtu atasema, "Chai na korosho hukaa. Embe halikai." Neno hili ni kweli, na ndilo shida yetu kubwa. Lakini hata mali inayooza hunadiwa. Huko Uholanzi, katika kijiji kiitwacho Broek op Langedijk, wakulima wa mboga walianza mnada wao mwaka 1887. Mashamba yao yalizungukwa na maji, nao walileta kabichi na mboga nyingine kwa mashua. Baadaye wakajenga jumba juu ya maji, mashua zikapita ndani moja moja mbele ya wanunuzi waliokaa vitini. Mkulima wa Ndera anayevusha maembe kwa mtumbwi angejiona yuko nyumbani.

Waholanzi hunadi kinyume. Bei huanza juu na kushuka upesi, nayo huonyeshwa na saa kubwa ukutani; wa kwanza kusimamisha saa ndiye mnunuzi. Fungu moja huuzwa kwa nukta chache tu, kwa hiyo mali haikai ikanyauka. Maua ya waridi ya Naivasha huuzwa kwa njia hii huko Aalsmeer, na wanunuzi wengi sasa husimamisha saa kwa kompyuta wakiwa kwao. Mnada huo ni wa ushirika, na wenye ushirika ni wakulima wenyewe. Lakini waridi la Naivasha husafiri katika baridi tangu shambani, na kila shina limepimwa urefu. Mguu wa nne wa kitanda, yaani usafiri, huko umeundwa kwa chuma.

HESABU YA MWEMBE MMOJA

Mimi ni karani, na wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tuandike hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si bei za soko. Kila mkulima aweke zake.

Tuseme dalali anatoa shilingi 1,500 kwa mti mzima, na mti una maembe 600. Hapo kila embe limeuzwa kwa shilingi 2 na nusu.

Sasa tuseme wakulima ishirini wamekusanya maembe yao, wakayachambua, na mnunuzi wa mjini ameshinda mnada wa simu kwa shilingi 8 kila embe la daraja la kwanza. Katika maembe 600, maembe 450 yamefaa. Hayo ni shilingi 3,600. Gharama za mti huo ni hizi: kuchuma, 300, sehemu yake ya mtumbwi na lori, 700, kreti, 250, ada ya mnada, asilimia tano, 180. Jumla ni 1,430. Zinabaki 2,170. Yale maembe 150 yaliyokataliwa yameuzwa karibu kwa shilingi 2, nayo ni 300. Mkulima amepata 2,470. Amemzidi yule wa dalali kwa shilingi 970 katika mti mmoja.

Lakini tuseme mkulima huyu amekwenda peke yake, na sehemu yake ya usafiri imekuwa 2,000 badala ya 700. Atabaki na 1,170. Amepata hasara ya shilingi 330 kuliko kama angalimwuzia dalali chini ya mti! Hesabu hii yatuonyesha mambo mawili. Kwanza, dalali si mwizi kila mara. Yeye hubeba gharama ya njia na hatari ya kuoza. Pili, mnada wa simu humfaa mkulima aliye katika kikundi, na humtia hasara aliye peke yake.

TUANZE WAPI?

Kwanza, tuanze na mali inayokaa. Pojo, kunde, ufuta na asali haviharibiki mnunuzi akichelewa siku tatu au barabara ikikatwa na maji. Mbuzi naye anaweza kungoja, madhali yuko malishoni. Tujifunzie mnada kwa mali hizi, kisha tuje kwenye maembe.

Pili, tununue mzani kabla ya kununua simu kubwa. Mbuzi mwenye uzito ulioandikwa, umri wake na chanjo alizochanjwa, anaweza kunadiwa kwa mtu aliye Malindi au Mombasa. Mbuzi wa "mzuri sana, mnono" hawezi.

Tatu, tuyachambue maembe na tupigane na nzi wa matunda. Mdudu huyu mgeni alionekana mara ya kwanza katika pwani yetu mwaka 2003, na kwa sababu ya nzi hawa Kenya iliacha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, mpaka mwaka 2021. Okoteni maembe yaliyoanguka na kuyafukia chini sana, na tegeni mitego. Embe moja lenye funza ndani ya kreti laweza kuharibu jina la kijiji kizima, na katika mnada wa mbali jina ndilo mnunuzi analolitazama.

Nne, vikundi viungane viwe na orodha moja, katibu mmoja anayejua kuandika, na daftari moja lililo wazi kwa wanachama wote: nani ameleta nini, uzito gani, daraja gani, imeuzwa kwa nani, kwa bei gani, na fedha zimeingia siku gani.

Tano, mtu asiuze maua ya mwembe kwa sababu ya karo. Hapa kikundi chaweza kusaidia, kwa kuweka akiba kidogo kidogo miezi ya mavuno na kumkopesha mwenye shida miezi ya njaa. Aliyekwisha kuuza mti wake mwezi wa maua hana embe la kunadi, hata kama mnada wa simu ungefunguliwa mlangoni pake.

Wanaotaka kuanza na waje katika ofisi ya kilimo wakiwa kikundi, pamoja na majina yao, hesabu ya miti na mifugo yao, na mtu waliyemchagua awe mwandishi wao. Msimu wa maua hautungoji, na mnunuzi wa kwanza yumo njiani.